Meno Yangu Hayajawahi Kuuma

Mpendwa Mshauri,

Kabla hujafika mstari wa pili naomba utazame nyuma yako uhakikishe hakuna anayesoma juu ya bega lako, na ukimaliza uiweke barua hii mahali ambapo hata mfagiaji wa ofisi yenu hataiona, na kama ni lazima uichapishe, maana najua hiyo ndiyo kazi yako, basi ondoa jina langu, ondoa jina la kanisa, ondoa jina la mji, na ikiwezekana ondoa hata mwandiko wangu, kwa sababu mama yangu husoma ukurasa wako kila wiki, tena kwa sauti, huku baba akijifanya hasikii.

Mimi ni kijana, karani wa mahakama. Shahidi anapoitwa, mimi ndiye ninayesimama mbele yake na kitabu cha dini yake, nikamtamkia kiapo kipande kwa kipande naye akanifuata. Makarani wengi hukikimbiza kiapo kama mtu anayetangaza bei sokoni. Mimi sikikimbizi. Kuna kile kipande cha katikati, "ukweli wote", ambacho wengi hukimeza, lakini mimi hukitua polepole huku nikimtazama shahidi machoni, na nimewahi kuona mtu aliyekuja kudanganya akikwama hapo hapo na kuomba maji ya kunywa. Wenzangu wananiita Bwana Kiapo. Hakimu wetu, mama mmoja asiye na tabia ya kumsifu mtu, aliwahi kusema mbele ya mawakili kwamba katika chumba chake mashahidi huanza kusema kweli kabla ya kuulizwa, na sentensi hiyo niliivaa wiki nzima kama koti jipya. Nakueleza haya si kwa majivuno, Mshauri, au labda ni kwa majivuno, lakini nataka ujue kwanza mimi ni nani kabla sijakueleza kilichonipata.

Baba yangu ni seremala na mzee wa kanisa. Mabenchi yote ya kanisa letu aliyachonga yeye, na mtu akikaa vibaya hadi benchi likalia, baba hugeuka kama aliyesikia mtoto wake akilia. Mama anaongoza akina mama wa maombi. Nimelelewa na watu ninaowaonea fahari, na hilo ndilo linalofanya mambo yawe magumu, maana kama wangekuwa watu wabaya ningekuwa nimeshajua la kufanya.

Hofu ilianza asubuhi, wakati wa kufunga vifungo vya shati. Moyo uligonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe, vidole vikafa ganzi, nikawa navaa fulana ndani ya koti ili nisishindane na vifungo. Nilijiambia ni uchovu. Kisha siku moja aliitwa shahidi, bibi mmoja mwenye kilemba cheupe, nikampa Biblia, tukaanza vizuri, na tulipofika "ukweli wote" sauti yangu ikakatika. Si kwamba nilisahau maneno. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, pumzi ndiyo iliyokosekana. Bibi wa watu akanisubiri, akanisubiri tena, akanitazama kwa huruma kama mjukuu aliyesahau shairi lake, mwisho akasema "Amina", akaibusu Biblia na kwenda kukaa. Chumba kizima kikacheka. Hakimu hakucheka. Mimi nilijikuta masjala, katikati ya rafu mbili za majalada, nimeshika kifua, nina hakika kwamba ninakufa na kwamba watanikuta pale na vumbi la kesi za zamani kichwani.

Jumapili iliyofuata nilikuwa zamu ya kusoma neno kanisani, na hali ikanikuta palepale kwenye mimbari, mbele ya baba. Wazee walinizunguka wakaniombea. Wakatangaza mfungo kwa ajili yangu. Baba aliniwekea mkono mgongoni, kwa upendo kabisa, akaniambia, "Mkristo mwenye hofu ni kama mlinzi anayesinzia, mwanangu. Amka." Nami nilijitahidi kuamka. Niliomba mpaka magoti yakaota sugu, na nataka uelewe kwamba siyadharau maombi yale hata kidogo, kwa kuwa naamini ndiyo yaliyonipa nguvu ya kutembea mpaka mlango ambao peke yangu nisingeufungua.

Mlango wenyewe ni wa kliniki ya afya ya akili. Daktari wa hospitali alinipima moyo akaukuta mzima, akanielekeza mwisho wa korido. Huko kuna benchi moja refu linalotumiwa na idara mbili, upande huu wagonjwa wa akili, upande ule wagonjwa wa meno, na anayepita hawezi kujua nani ni wa wapi isipokuwa kwa mashavu. Mara yangu ya pili pale, alipita mama mmoja wa kanisani kwetu, na mimi bila kufikiri nikashika shavu. Akanipa pole. Jioni mama akanipa pole. Siku ya maombi akina mama wote wakaniombea meno, kwa majina, magego na meno ya mbele, na tangu hapo mama ananipikia chakula laini kama cha mtoto, ananiuliza kila nikitoka kliniki kama wamelitoa au wameliziba. Mshauri, meno yangu hayajawahi kuuma tangu nizaliwe.

Mtaalamu anayenihudumia ni dada mtulivu, wala hakunitenga na imani yangu kama nilivyoogopa. Aliniambia, "Sikuombi uache kuomba. Nakuomba tu ukisema amina usinikimbie." Alinifundisha kupumua, akanifundisha kuitambua hofu inapokuja na kuiacha ipite badala ya kupigana nayo, na daktari akaniandikia vidonge ambavyo ninavimeza mpaka sasa. Haikuwa siku moja. Lakini nimerudi mbele ya kizimba, nimeapisha mashahidi, nimekitua kile kipande cha katikati kama zamani. Nimesoma neno kanisani kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho, na baba, ambaye huwa halii, alijifanya anakagua mguu wa benchi.

Sasa ndipo linapokuja la kuomba msaada. Mwisho wa mwezi tuna Jumapili ya shukrani, na baba ameniweka nitoe ushuhuda. Amenipangia hata maneno, nayo anayaamini kwa moyo wake wote: kwamba nilifungwa na roho ya hofu, nikaombewa, nikafunguliwa, wala sikugusa dawa ya hospitali. Ameshawaalika ndugu zake. Nilipojaribu kusema labda mwezi mwingine, akaniuliza kama ninamwonea Mungu haya.

Ningeweza labda kusema maneno hayo na kwenda kukaa, kama si mwimbaji mmoja wa kwaya, binti anayeimba sauti ya pili, ambaye siku hizi hutoka nje katikati ya wimbo na kushikilia ukuta. Mimi naujua ule ukuta. Alinisubiri baada ya ibada akaniambia, "Kaka, mimi wameniombea mpaka nahisi wamenichoka. Nitakaa mbele siku ya ushuhuda wako. Nataka nijue wewe ulikuwa na imani kiasi gani, maana yangu naona haitoshi."

Nikamjibu, "Endelea tu, dada." Nikaondoka. Chakula laini cha mama hakikupita siku hiyo.

Nikisema kama baba anavyotaka, nitakuwa nimesimama mbele ya madhabahu na kufanya kile ninachowazuia watu wasikifanye mahakamani, na yule binti atarudi nyumbani akijiona hana imani. Nikisema kweli, watasema mtoto wa mzee wa kanisa ni kichaa, na baba atakaa kwenye benchi alilolichonga mwenyewe huku watu wakimtazama kisogo. Nikikataa kusimama, ataniuliza sababu, na mimi kudanganya mara ya pili siwezi, hata mara ya kwanza nilitumia shavu tu.

Nifanye nini?

Ukitaka kunipata, namba yangu iko nyuma ya bahasha. Piga baada ya saa za kazi. Ukisikia sauti ya mwanamke, ndiye mama, simu yangu huwa sebuleni kwenye chaji. Tafadhali mwambie unapiga kutoka kwa daktari wa meno.

Ni mimi,
Karani Mwenye Hofu

MSHAURI ANAJIBU

Karani wangu, siri umeniomba mimi, mwenye gazeti! Haya, jina nimeondoa, kanisa nimeondoa, mji nimeondoa, na mwandiko wako mzuri umebaki kwenye droo yangu. Mfagiaji wetu hajauona. Tuendelee.

Kwanza nikupongeze, maana unaonekana umejipongeza kwa kila jambo isipokuwa lile linalostahili. Kurudi kusimama mahali palepale palipokuangusha, mbele ya watu walewale waliokucheka, si jambo dogo. Wako wanaoacha kazi. Wako wanaohama mji. Wewe ulikwenda korido, ukaketi, ukarudi tena wiki iliyofuata. Ukitafuta pa kujivunia, anzia hapo, hilo koti jipya uliazimwa na hakimu lakini hili umelishona mwenyewe.

Sasa nikugombeze. Suala la meno nimecheka, nakiri, lakini limetosha. Mama yako amepiga magoti kwa ajili ya jino lisilouma huku mwanawe akibeba jambo zito peke yake. Umemnyima nafasi ya kukuombea kwa usahihi. Mama wa maombi haogopi neno "akili", kijana. Huenda amesikia makubwa zaidi ya hayo kwenye kile kikundi chake, na ameyafunga kifuani.

Kosa kubwa hata hivyo si hilo. Kosa kubwa ni "Endelea tu, dada." Mtu alikuja kwako anazama, na wewe ambaye ulishaonyeshwa ngazi ilipo ukamtakia kuogelea kwema. Najua uliogopa. Lakini wiki hii, kabla hujazungumza na mtu mwingine yeyote, mtafute umwambie korido iko wapi. Usimhubirie. Mwambie tu ulikaa pale na kwamba benchi si gumu kama linavyoonekana. Na kama yeye, au yeyote anayesoma hapa, ameanza kufikiria kwamba heri asingekuwepo, asisubiri zamu ya kliniki wala Jumapili; aende hospitali leo hii, na asiende peke yake.

Kuhusu imani: nani amekufundisha kwamba Mungu na daktari wanagombea mgonjwa mmoja? Yuko nabii katika Maandiko yako aliyechoka hadi akaketi chini ya mti akaomba afe. Hakukemewa. Hakuambiwa kwamba mlinzi hasinzii. Alilazwa usingizi, akaamshwa, akapewa mkate na maji, akalazwa tena, na mazungumzo yakaja baadaye. Kama mbingu zenyewe zilianza na mwili, wewe ni nani uone haya kwa kumeza kidonge? Wala usiviache hivyo vidonge kwa sababu ya shangwe za Jumapili. Daktari aliyeviandika ndiye atakayesema lini na kwa namna gani.

Haya, la kufanya. Mama yako aambiwe kwanza, jikoni au popote anapokaa kwa raha. Baba yako usimwambie kanisani, wala usimwite kikao kama mshtakiwa. Mfuate karakana akiwa na kazi mkononi. Wanaume wa aina ya baba yako husikia vizuri zaidi macho yao yakiwa kwenye ubao. Mwambie yote kwa mara moja na usimwombe ajibu siku hiyo. Mpe muda, ndiyo maana nakujibu mapema. Kisha muombe muende pamoja kwa mchungaji wenu, ili jambo hili lisimkute mchungaji kwenye kipaza sauti.

Baba akikukatalia kusema, kaa kimya Jumapili hiyo. Ukimya si uongo. Lakini yale maneno aliyokupangia usiyatamke, hata kwa heshima ya baba, maana heshima inayosimama juu ya uongo ni benchi ambalo mzee mwenyewe asingelichonga.

Na akikuruhusu, simama useme kwa kifupi. Wewe ndiye unayejua kuliko wasomaji wangu wote kwamba kiapo kina kipande cha katikati. Kwamba uliombewa ni kweli. Kwamba ulifunguliwa ni kweli. Ukweli wote ni upi? Sema huo, ushuke.

BARUA ILIYOTUFIKIA BAADAYE

Mpendwa Mshauri,

Hii ukitaka ichapishe na mwandiko wake.

Binti wa kwaya nilimtafuta siku ileile gazeti lilipotoka. Nilimwambia korido iko wapi. Akauliza kama wanaruhusu mtu kwenda na rafiki.

Mama nilimwambia siku hiyohiyo akichambua mboga, gazeti nikiwa nimelificha kabla hajaufikia ukurasa wako. Alichambua lote fungu lile, majani na vijiti pamoja, kisha akauliza, "Kwa hiyo muda wote huo nimeombea meno?" Nikamwambia ndiyo. "Basi Mungu aliyapeleka maombi panapohusika," akasema, akaanza kutoa vijiti. Jioni ile alinipa nyama yenye mfupa.

Baba nilimkuta karakana anapiga randa mguu wa kiti. Nilisema yote. Hakusimama, hakuinua macho, randa ikaenda na kurudi, na nilipomaliza, ule mguu ulikuwa mwembamba kama mwiko na hauwezi kubeba mtu. Aliutazama akaniambia, "Nenda, niache nifanye mwingine." Kwa mchungaji alikwenda mwenyewe, bila kuniita. Walichozungumza sikijui, na mpaka Jumapili inafika sikujua kama jina langu litasomwa.

Baba ndiye aliyeshika kipaza sauti. Alisema, "Sasa mwanangu ana ushuhuda. Maneno haya sikumpangia mimi."

Nilikwenda mbele. Kwa mazoea ya kazi nilijikuta nimeshika Biblia kwa mkono wa kuume. Nilipofika pale ambapo sauti yangu hukatika nilivuta pumzi kama nilivyofundishwa, na sauti ikaja, Mshauri, ikaja nzima. Nikasema niliombewa. Nikasema nilitibiwa na bado natibiwa, nikataja kliniki kwa jina lake, nikasema katika vyote viwili nilimwona Mungu yuleyule. Nikashuka. Nikasikia benchi moja likilia. Wapo ambao hawakunipa mkono siku hiyo, na mmoja wa baba zangu wadogo aliondoka kabla ya chakula. Sitaki kukudanganya kwamba wote walifurahi.

Lakini baba alirudi kwenye kipaza sauti kutangaza wimbo, na badala ya wimbo akasema, "Mmemsikia. Huyo ni mwanangu." Safari hii sauti iliyotetemeka ilikuwa ya kwake, nami nilikuwa nimekaa mbele kabisa nikiisikia. Nimeapisha watu wengi. Sijawahi kusikia maneno yaliyosemwa kwa ukweli kuliko yale.

Wiki hii nilikwenda kliniki. Yule binti wa kwaya alikuwa kwenye benchi na rafiki yake, na nilipokaribia nikaona ameshika shavu. Nikamsalimu, nikakaa upande wake, nikamwambia ashushe mkono.

Namba ni ileile, nyuma ya bahasha. Piga saa yoyote. Mama akipokea, mwambie wewe ni nani, atafurahi, ana maneno mengi anayotaka kukueleza kuhusu ukurasa wako. Baba akipokea, ongea kwa sauti, kelele za karakana hufika hadi sebuleni. Usitaje meno.